Mafua ya Stoo ya Unga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua na Baba hajambo. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na anang'ata kila kinachompitia mbele. Mimi naandika kwa hasira, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Unaijua sheria ya kiwanda chetu cha mikate: anayepiga chafya haruhusiwi kusogelea wateja, anapelekwa stoo kuchekecha unga mpaka mafua yaishe. Kana kwamba huo unga hauliwi! Basi nimekuwa mkazi wa stoo. Meneja, tunayemwita Bwana Usafi, kila akipita anauliza haya mafua gani yasiyoisha, au natafuta likizo. Wenzangu wanacheka. Nimejifukiza, nimekunywa tangawizi, nimemeza vidonge hadi nikasinzia nimesimama. Wapi! Siku ya mapumziko niko mzima kabisa. Nikirudi kushika chekeche, macho yanawasha, pua inachuruzika maji, kifua kinabana.

Nikaenda zahanati. Daktari aliuliza kama nina homa, au maumivu ya koo au mwili. Sina. Akasema mafua huja, yakasumbua wiki moja hivi, yakaondoka. Haya yanayowasha na kutulia nikiwa mbali na kazi ni mzio, na kinachonidhuru ni vumbi la unga. Yaani Mama, walikuwa wananitibu kwa kunifungia na ugonjwa wenyewe!

Nimepewa dawa ya kupuliza puani, na cheti kwamba nisikanyage stoo. Bwana Usafi alikisoma, akasema asiyeweza unga hafai kiwandani. Nikamjibu mbele ya watu: "Nipeleke kufunga mikate, au niandikie kwamba umenifukuza kwa sababu napumua." Amenipeleka, kanuna mpaka leo.

Lakini si hilo lililoniliza. Fundi wa tanuri, yule uliyefanya naye kazi, alinivuta pembeni akaniambia kuwa nawe walikuweka stoo hiyo hiyo, mwaka wako wote wa mwisho, kisha wakakuachisha wakisema una mafua sugu na uvivu. Sisi ulituambia umechoka tu.

Mama, hukuwa mvivu. Na hicho kifua kinachopiga filimbi usiku, sidhani ni baridi ya uzee. Njoo Jumamosi nikupeleke kwa daktari huyu akupime. Ukikataa nakuja kukubeba, na majirani watazame.

Msalimie sana Baba, umwambie ajiandae kujipikia.

Ni mimi kitinda mimba wako, niliyerithi pua yako.