Binti Yetu Anacheka Kama Mdogo Wangu

Baba Naomi mpenzi,

Nakusalimu kutoka Brussels, kwenye baridi inayoingia hadi kwenye meno. Jana mdogo wangu Béa alitupeleka sinema, mimi na Naomi. Ilikuwa filamu ya kuchekesha: profesa analea mtoto wa mwizi, na mwizi analea mtoto wa profesa, ili ijulikane kama tabia ni damu au malezi. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa namtazama binti yetu. Anacheka kama Béa: anafunika mdomo, anajipiga goti, anafuta machozi kwa kidole kimoja. Mama mmoja wa Bujumbura, aliyekaa nyuma yetu, akamwambia Béa, "Wewe na binti yako munafanana mpaka kicheko!"

Béa akajibu, "Asante, maman."

Asante! Sawa, amemlea huku kwake tangu akiwa na miaka mitatu, lakini uchungu wa kuzaa niliusikia mimi. Wivu ulinikaba hata mwisho wa filamu sikuuelewa.

Tulipotoka tukanunua chipsi. Naomi akaonja moja, akashika kiuno, akamrudishia muuzaji na kumwambia kwamba yeye hali chakula kilichopoa. Ni wewe mtupu! Béa akaniambia, "Yaya, dada yangu, huyu ni bwana yako muzima!"

Nilifurahi sana kumwona ameshindwa, mpaka nikatambua kwamba aliyenishinda sasa ni wewe.

Nikishuka Lubumbashi nimenuna, usiniulize kitu. Nikumbatie tu.

Mkeo akupendaye,
Mama Naomi