Shavu la Kushoto Siku ya Ndoa

Likombe, Jumapili, mwezi wa saba.

Upepo wa kusi umeanza alfajiri na mpaka sasa, saa tisa alasiri, haujapumzika. Wenzangu wanaufurahia kwa ubaridi wake. Mimi nimefunga madirisha yote, nimekaa sebuleni nimejitanda usoni kanga ya marehemu mke wangu, kama mwari. Mzee wa miaka hamsini na tisa. Ukinicheka sikulaumu.

Nyumba imetulia mno. Binti yangu wa pekee, Zuhura, ameolewa juzi Ijumaa, na jana jioni wamemchukua kwenda kwao Mikindani. Tangu asubuhi nimekunywa uji tu, na uji wenyewe nimeupika kwa mkono wangu, una madonge.

Sijui nianzie wapi. Labda nianzie kwenye shavu.

Kwa asiyenijua: blogu hii alinifungulia Zuhura alipoona nakaa siku nzima bila kusema neno. Akaniambia, "Baba, kama kusema kunakuuma, andika." Nilikuwa karani bandarini. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia ya korosho yanavyopanda melini na kuitangaza hesabu kwa sauti, na sauti yangu ilishinda mngurumo wa mashine. Huku mtaani waliniita Redio. Nikipita, watu walikuwa wanaficha vikombe vya kahawa, maana nikikaa siondoki.

Sasa Redio imekwisha betri.

Maumivu yangu yako upande wa kushoto, toka chini ya jicho mpaka kwenye taya. Hayaji polepole. Yanapiga kama shoti ya umeme, sekunde chache, yanaacha, yanapiga tena. Yanayoyaamsha ni mambo ya kijinga kabisa: upepo, kijiko, kucheka, kupiga mswaki. Ndevu za kulia nanyoa, za kushoto siwezi, kwa hiyo kwa miezi mingi nimetembea na nusu ya ndevu kama niliyemkimbia kinyozi. Udhu nao umekuwa mtihani. Nilimuuliza imamu kama naweza kutayamamu, kwa vumbi badala ya maji, akasema inafaa, lakini kwenye tayamamu uso unapakwa vilevile. Basi naweka kiganja shavuni mara moja tu, nimebana pumzi, namwomba Mungu aikubali swala ya mtu mwoga.

Mwanzoni nilidhani ni jino. Nani asingedhani? Nikang'olewa gego, maumivu yakabaki. Nikarudi, nikang'olewa la pili. Mganga wa meno aliniambia la tatu ni zima, halina tatizo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania, nikamwambia wewe ng'oa. Akang'oa. Sasa sina magego upande wa kushoto, na shoti bado ninayo.

Ilipita miaka miwili kabla ya daktari mmoja kijana, mtu wa bara, kunisikiliza mpaka mwisho. Hakunigusa uso. Alisema huu ni mshipa wa fahamu, unapiga kelele bila kuguswa na kitu. Upasuaji wake upo, lakini si huku, na hata huko Dar ningekaa foleni ndefu. Dawa ya kutuliza ipo, ni vidonge vilevile vya kifafa. "Usishtuke, mzee," akasema. "Huna kifafa. Ila usije ukaviacha ghafla."

Nilipokunywa vile vidonge, siku ya tano nilikula ugali. Zuhura alilia. Mimi nilisema mfululizo toka magharibi mpaka isha, mpaka akaniambia, "Baba, basi, pumzika."

Ilikuwa miezi mizuri, na sitaisahau. Kuna wakati dawa zilikosekana, nikazunguka maduka ya dawa ya mjini, siku nyingine nikapata, siku nyingine nikarudi na panadol. Lakini niliishi.

Tatizo lilikuwa dirisha.

Vidonge hivi havitolewi pale wanapopanga foleni watu wa malaria na watu wa presha. Vinatolewa dirisha la pembeni, nyuma ya jengo, penye benchi la wagonjwa wa akili na wa kifafa. Kila mtu mjini anajua benchi lile. Ukionekana umekaa pale, kabla hujafika nyumbani habari zimeshafika Magomeni ya huku kwetu. Na kwetu huku kifafa bado kinaogopwa kuliko mwizi. Watu wanaamini kinatembea kwenye damu. Nyumba yenye kifafa mtu haposi.

Mwezi wa nne walikuja wazee wa Mikindani kumposa Zuhura. Kijana anaitwa Salumu, fundi wa majokofu, mpole, ana kazi yake. Zuhura ana miaka thelathini na moja. Miaka minne amekaa hapa ananisagia chakula na kukataa wachumba, anasema nani atabaki na baba. Safari hii alikubali. Nilimwona anavyotabasamu akiosha vyombo, nikajua huyu amempenda.

Wiki ile ile nilikwenda kuchukua dawa. Nimesimama mstarini, nageuka, nyuma yangu yupo Bi Somoe. Bi Somoe ni shangazi yake Salumu, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye banda moja la kuku.

"Baba Zuhura! Kwema? Nani anaumwa?"

"Kwema, Bi Somoe. Nimemchukulia jirani tu."

"Hata miye. Jirani."

Nikaondoka bila dawa. Sikurudi tena.

Naandika hili nikiona haya. Sikumwambia Zuhura. Nilibaki na vidonge vya wiki tatu, na ndoa ilikuwa miezi mitatu mbele. Nikavikata nusu kwa kisu, kisha robo, nikijiambia ikishafungwa ndoa nitarudi dirishani hata kwa ngoma na tarumbeta. Nilifanya hesabu kama karani, na karani huyu aliwahi kuhesabu meli nzima bila kukosea gunia moja. Madukani nako sikuulizia, maana muuzaji akinijua ni yale yale. Daktari alishanionya. Nikajifanya sikusikia.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi hata kifo hakikupata nafasi. Niliumbuliwa na ndoa.

Ijumaa baada ya alasiri tulikaa msikitini, watu wamejaa mpaka barazani. Nilikuwa nimeweka vidonge viwili vizima kwa ajili ya siku hiyo, nikavinywa vyote adhuhuri. Vilinipa kizunguzungu, basi. Mwili ulishavisahau. Asubuhi yake Bakari, mdogo wangu, alinishauri nimpe uwakili aozeshe yeye. Wengi wanafanya hivyo na si aibu. Nilikataa. Nimepoteza kucheka, nimepoteza kula, nimepoteza hata jina langu la Redio. Sentensi moja tu nilikuwa naidai dunia, kumwozesha mwanangu kwa mdomo wangu. Nyumba yetu iko karibu na msikiti, na spika ilielekezwa kule, wanawake wote wanasikiliza, na Zuhura yuko ndani na hina yake anasikiliza.

Imamu akaniunganisha mkono na Salumu. Imamu akasema, "Haya, mzee, sema."

Nikafungua mdomo. "Nakuo..."

Ikapiga.

Nikangoja. Nikajaribu tena, ikapiga kabla sijatoa hata sauti. Mara ya tatu machozi yakaanza kunitoka yenyewe jicho la kushoto. Nyuma nikasikia watu wanasema, "Maskini, uchungu wa mwana." Mmoja akasema mashaallah. Walidhani ni mapenzi. Yalikuwapo, lakini si yaliyonifunga kinywa. Salumu alikuwa ananitazama, na niliona wasiwasi umemwingia, kwamba labda mzee huyu amebadili nia mbele ya kadamnasi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamwonyesha imamu ishara ya kalamu. Nikaandika nyuma ya karatasi yake: Nampa uwakili ndugu yangu Bakari. Mwandiko wangu bado mzuri, wa kikarani. Imamu akaisoma kwa sauti, Bakari akasogea, akachukua ule mkono, akasema sentensi yote kwa pumzi moja kama anayeagiza chai. Salumu akakubali. Vigelegele vikapigwa kule nyumbani. Ndoa ikawa ndoa.

Nilikaa na tende yangu mkononi. Sikuweza kuitafuna.

Zuhura hakunilaumu. Jana, kabla hawajaondoka, alikuja akapiga magoti, nikamwekea mkono kichwani, na dua nikaisoma moyoni. Akaniambia, "Nilikuwa naisubiri sauti yako, baba. Niliposikia ya ba'mdogo nikajua shoti imekupiga. Si kosa lako."

Si kosa lako. Nikaitikia kwa kichwa.

Na kama mambo yangeishia hapo, ningejipa pole nikanyamaza. Lakini jana hiyo hiyo, wakati vijana wanapakia mabegi kwenye gari, Bi Somoe alikuja kukaa nami hapa sebuleni. Alifunga mlango nusu. Alinitazama ile kanga usoni, akacheka kidogo, kisha akawa hacheki.

"Baba Zuhura, miye sikulala miezi mitatu hii," akasema. "Siku ile pale dirishani nilijua umeshanijua. Nikasema, mzee huyu atavunja posa, mwanangu nimemharibia. Vidonge vile nakunywa miye mwenyewe, toka msichana. Anguko langu la mwisho Salumu alikuwa darasa la pili."

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Jana nilipokusikia kwenye spika unakwama, nikasema ndiyo hivyo, mzee anakataa. Nikataka nije nikuangukie miguuni."

Nikachukua daftari, nikamwandikia: Hata mimi hakuna jirani. Kisha nikamwandikia yote, shavu, vidonge, kisu. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Alipofika mwisho akashika kichwa.

"Miye ndani nina pakiti nzima," akasema. "Nzima, Baba Zuhura. Ungesema neno moja tu."

Neno moja.

Sikuwahi hata siku moja kujiuliza yeye alikuwa anafanya nini kwenye mstari ule. Miezi mitatu nimemwogopa mtu aliyekuwa ananiogopa. Nilimuuliza kama naweza kuyaandika haya. Akasema, "Andika. Nimechoka kuwa na jirani mgonjwa."

Leo asubuhi Salumu ameniletea vidonge kumi kutoka kwa Bi Somoe, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Havitafanya kazi leo wala kesho. Daktari alisema vinachukua siku, na mara hii huenda visishike kama mwanzo. Vikiisha nitarudi kwenye lile benchi, nitakaa uso wazi, na pengine nitaambiwa dawa hazijaletwa. Sina matumaini makubwa, nisidanganye. Mshipa huu nitazikwa nao.

Zuhura, najua utasoma hapa. Wewe ndiye msomaji wangu, wengine wanapita tu. Ulisema si kosa langu. Lilikuwa langu. Sikukwama kwa sababu ya ugonjwa peke yake, nilikwama kwa sababu nilimwogopa shangazi wa mume wako kuliko nilivyomwogopa Mungu aliyenipa dawa. Ukikasirika una haki.

Baada ya Salumu kuondoka nilifunga mlango. Nikasimama katikati ya sebule, nikanyoosha mkono wa kulia mbele yangu kama niliyeshika mkono wa mtu. Nikajaribu kuisema ile sentensi, polepole, kwa sauti ya chini, hakuna anayesikiliza.

Nakuozesha binti yangu.

Nilifika hapo. Kwenye jina lako ndipo iliponipiga.