Mama, Babu Amekubali Jicho la Pili

Mama yangu mpendwa,

Babu amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya habari za shule. Anaona. Alipofunguliwa bandeji juzi asubuhi alionyesha kwa vidole miguu ya kila herufi E kwenye ubao wa kupimia macho imeelekea wapi, na alipokosea alimlaumu aliyeichora.

Haikuwa rahisi kumpeleka. Unakumbuka jicho la kulia? Nilikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, na ulikuwa ukinichukua kazini kwako ili nisizurure huku kwetu mpakani. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikikutazama: huyu unampima, yule unamtia matone ya kupanua mboni, mwingine unambandika plasta juu ya nyusi, upande wa jicho litakalopasuliwa, daktari asije akakosea. Siku hiyo baba alimleta Babu kutoka kijijini kwake Ibaba bila kukuambia. Ukaita, "Anayefuata!" Babu akaitambua sauti yako, akainuka na kupapasa kutafuta mlango wa kutokea.

"Mzee, unakimbia nini?" akauliza mama mmoja aliyetoka Mlowo.

"Humo ndani yumo mkwe wangu."

"Sasa si huoni? Unaogopa kumwona nani?"

"Mimi sioni, lakini yeye anaona!"

Benchi zima likacheka. Wewe hukucheka. Huko kwao Babu, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Tangu uolewe, ukisikia fimbo yake uani ulikuwa unatokea mlango wa nyuma, naye alikuwa akikohoa kabla ya kuikaribia nyumba, ili upate nafasi ya kujificha. Na kazi yako, mama, ilikuwa kutazama macho ya watu. Siku hiyo hapakuwa na mwingine wa kukushikia zamu.

Ukavaa barakoa, ukavuta kofia mpaka kwenye nyusi, ukaniita nisimame kati yenu.

"Mwambie babu yako aangalie juu."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie naangalia."

"Mwambie matone yatamwasha kidogo."

"Mwambie pilipili yake nimeila miaka yote na sijalalamika."

Barakoa yako ikatikisika. Nilijua unacheka, na mpaka leo nikiwa na huzuni najaribu kukumbuka barakoa ile ilivyotikisika.

Ya chumba cha upasuaji ulinisimulia nyumbani, tukichambua maharage. Ulisema alipofunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu moja, ulimshika kichwa kwa mikono miwili asitikisike wakati anachomwa sindano ya ganzi. "Nilimwona jicho tu, si uso," ulisema, kama mtu anayejitetea mbele ya wazee. Kesho yake ulimwomba muuguzi amfungue bandeji, wewe ukasimama nyuma ya mlango. Babu aliposema anaziona kucha zake, ulikaa chini pale pale koridoni ukalia.

Kwa hiyo jicho lake lilipona bila kukuona. Hata siku ya kukuzika, watu walipopita kukuaga, yeye alibaki nje amegeukia migomba. Baadaye baba alimpelekea picha yako. Akairudisha ikiwa bado kwenye bahasha.

Jicho la kushoto likawa linazidi kufifia, na kila alipoambiwa habari ya hospitali alijibu, "Aliyenishika kichwa hayupo." Likizo hii nilimfuata Ibaba mwenyewe.

"Mume wangu," nikamwambia, maana bado ananiita mke wake, "twende hospitali."

"Nakusubiri wewe usome kazi ya mama yako, uje unishike."

"Babu, niko kidato cha tatu! Nikija kumaliza, huyo mke utamwona nusu tu."

Akachukua kijiti akachokoa moto. Nikamwambia uliyokuwa ukiwaambia wagonjwa, kwamba mtoto wa jicho akiachwa akakomaa mno, upasuaji huwa mgumu na jicho lenyewe linaweza kupotea. Hakutikisika. Ndipo nikamwambia kwamba siku ile ulilia koridoni. Hilo hakuwa analijua. Aliendelea kuchokoa moto kwa muda mrefu. Asubuhi nilimkuta amevaa koti, ameketi juu ya begi lake dogo, ananiuliza kwa nini nachelewa.

Kijana anayefanya kazi yako sasa ni mpole. Mwanzoni nilimchukia kwa kukalia kiti chako. Lakini alikuwa akimweleza Babu kila jambo kabla ya kulifanya, na Babu anasema alipomshika kichwa alimshika vizuri, nikaacha. Bado naitaka kazi hiyo, mama. Fizikia inanisumbua, lakini muhula huu imepungua kunisumbua.

Juzi, yule kijana alipomaliza kufungua bandeji na kutoka, Babu aliniambia nisimame dirishani, penye mwanga.

"Wanasema umefanana na mama yako. Ni kweli?"

"Wanasema ni yeye mtupu, ila masikio ni ya baba."

Alinitazama. Siku zote hunitania, safari hii hakutania. Nilijitahidi nisicheke wala nisilie, nisije nikauharibu uso wako kabla hajamaliza kuutazama.

"Kumbe," alisema. Kisha akauliza polepole, "Alikuwa ananiogopa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Najua ulivyopenda chai yako, najua wimbo uliokuwa ukiuimba ukifua, lakini hilo hukuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Nilitamani mlango ufunguke uingie na koti lako jeupe, umjibu mwenyewe, na yeye akutazame bila mtu kusimama katikati. Haukufunguka. Babu akanipa mkono wake nimwongoze, ingawa alikuwa anaona njia, na tukatoka.

Pumzika, mama. Nakukumbuka kila siku.

Mimi binti yako,
mjukuu wa Babu wa Ibaba