Nimelifuta Jina la Mahame

Jumapili. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Wiki nzima nimehangaika kutafuta jina la blogu hii. Nataka kuandika historia ya watu wetu wa huku Mkonze, maana asiyeandika huandikiwa. "Mizizi" nimeliacha, linanukia duka la dawa za kienyeji. "Historia Yetu" lina mwenyewe tayari. Jana nikiwa intaneti kafe mjini likanijia: Mahame. Mahali palipokaliwa na watu, wakahama, pakabaki majivu na mafiga. Nililipenda neno hilo jamani. Nikaliweka juu kabisa kwa herufi kubwa, nikarudi nyumbani najiona msomi.

Mama na marehemu baba walikuwa na tembe lao, nyumba ya udongo, ng'ambo ya korongo. Enzi za vijiji vya ujamaa wakahamishwa, tembe likabomolewa. Mimi nilizaliwa baadaye, kijijini. Pale nimepajua kwa hadithi za mama tu, na hadithi hizo ndizo nilizotaka kuziandika.

Leo asubuhi nimemweleza mama akipepeta uwele. Ungo ukasimama.

"Mahame?" akasema. "Hata wale wapima viwanja walisema hivyo. Mahame haya, hayana mwenyewe. Wakachomeka bikoni zao za mipaka. Na wewe unasema hivyo?"

Kaka yangu, mzaliwa wake wa kwanza, amezikwa pale. Wapima wakija, mama hufunga kanga kiunoni akaenda kuwaonyesha kaburi, nao humpa shikamoo kisha huendelea kuvuta kamba zao. Sasa mwanawe wa kumzaa amewatolea ushahidi.

Nimeona aibu.

Nikamwambia nitalifuta, nitaandika "kule kwa zamani", kama tunavyopaita siku zote. Akaanza tena kupepeta. Nikadhani yameisha.

"Pana jina pale," akasema bila kunitazama. "Miaka yote unaniuliza tulikula nini, tulicheza ngoma gani. Jina hujaniuliza."

Nikamwuliza hapo hapo. Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Mchana nimerudi mjini kulifuta, na juu ya ukurasa huu sasa hapana kitu. Kesho nitamwamkia mapema, nimwulize tena. Akikataa, nitakuwa naandika historia ya wapi?