Bwana Yangu Ametii, Na Mimi Nalia

Mama Léontine wa redio, naomba unisaidie, maana ninacholilia ni kitu nilichokitaka mwenyewe. Niko hapa Kalemie, bwana yangu ni Blanchard, fundi wa umeme, muntu wa kelele tangu tuoane, anaimba akinyoa ndevu, anaongea na samaki kwenye sahani, na kila mugeni lazima amusimulie namna alivyoshuka Nyunzu kununua mihogo, gari-moshi likamuacha, akabaki ameshika mbuzi wa muntu asiyemujua, na mimi hadithi ile ilikuwa imenitoka puani, basi Jumapili moja mbele ya waimbaji wenzangu wa kwaya nikamuambia, "Papa, funga kinywa kidogo tupumuzike!" Watu wakacheka, naye akacheka.

Kisha akaenda kazi kule Bendera, kwenye mitambo ya umeme, mwanzoni nikafurahi, nikalala vizuri, halafu kimya kikaanza kunitisha, nikawa nawasha redio ili muntu aongee ndani ya nyumba, ndiyo namna nilivyokujua wewe. Sasa amerudi, nikamupikia samaki wa mukeke, nikamuuliza, "Bendera kulikuwaje?" Akajibu, "Salama, mama." "Basi tu?" "Basi tu."

Ananyoa kimya kama padri! Nikazidisha chumvi makusudi agombe, akanywa maji, akasema merci. Papa Kyungu alikuja kututembelea, hajawahi kusikia habari za mbuzi, nikangoja, Blanchard akaniangalia, akamuuliza mugeni kama anaongeza bukari, ugali wetu. Nikakimbilia jikoni kulia. Je, ana mwanamuke Bendera? Nifanye nini bila kujishusha? Naandika haraka, nimemufukuza binti yetu Gracieuse nje na maswali yake.
Evodie

Mama Evodie, pole, lakini samaki alikukosea nini mpaka umumwagie chumvi yote ile?

Hakuna mwanamuke Bendera. Bwana yako ametii tu. Ulimuaibisha mbele ya watu, akacheka ili usiaibike wewe, kisha akabeba lile neno mpaka kazini. Ulikuwa na muntu mwenye furaha nyumbani kila asubuhi, ukamuhesabu kama usumbufu. Na hujajifunza bado: muite Gracieuse ndani sasa hivi, umujibu maswali yake. Atakua, ataolewa, halafu utaniandikia tena.

Unataka dawa bila kujishusha? Sina. Kesho akinyoa, simama mulangoni, umuambie: "Papa, nilikosea, nyumba imenishinda bila sauti yako." Usizunguke.

Kisha waalike wale wale wa kwaya, maana walisikia ukimunyamazisha. Wakishakula, anza wewe hadithi ya Nyunzu, na uiharibu. Sema yule mbuzi alikuwa bata. Blanchard hatavumilia hilo, mimi nakuhakikishia.

Akishaanza, usikimbilie jikoni. Kaa, sikiliza, cheka na wageni. Na kama kuna mugeni amechelewa, na Blanchard akaamua kuanza hadithi upya kwa ajili yake, sogea umupishe huyo mugeni kiti cha karibu.