Jina la Mheshimiwa Kwenye Mablanketi ya Watoto

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Naomba msaada, na unisamehe nikicheka humu ndani, maana jambo lenyewe ni zito lakini kila nikianza kulieleza nacheka. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, ana mwaka na miezi miwili tangu atutoke, na vile vipande vya vitambaa alivyokuwa akivikunja na kuvipanga kwa rangi ndani ya maboksi ya viatu ndivyo tulivyoanzia kikundi chetu cha wajane, tukashona mablanketi ya watoto wachanga wa wodi ya wazazi, na kwenye pembe ya kila blanketi nikatarizi jina lake, ili mama mzazi ajue nani amemfunikia mwanawe. Tangu hapo ndio utaratibu wetu, anayetoa kitambaa jina lake linatariziwa, na kazi hiyo ni yangu, na katibu pia ni mimi.

Mwezi uliopita ikaja taasisi inayosema haitafuti faida wala haina chama, ofisi yake sijawahi kuiona, ikatupa majora sita ya kitambaa na vyerehani vitatu, ikasema mfadhili hapendi kutajwa, ila tutoe tamko redioni kwamba sisi wajane, kwa hiari yetu, tunamuunga mkono mgombea fulani wa ubunge. Tukatoa. Sasa dereva aliyeshusha mzigo nilimuuliza, "Baba, hivi vimetoka kwa nani?" Akasema, "Kwa mheshimiwa mwenyewe, mama, nimepakia stoo kwake." Basi mimi kwa mazoea, wala sikufikiri mara mbili, nikatarizi jina la mheshimiwa, yule yule mgombea, kwenye mablanketi themanini, tukayapeleka wodini.

Shangazi, wodi nzima ilicheka. Mzazi mmoja alimwambia muuguzi, "Wangu ana siku mbili tu duniani, keshapigiwa kampeni." Muuguzi akamjibu, "Mfunike vizuri, asije akahamia upinzani." Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nami sikuwa nimecheka hivyo tangu msiba.

Sasa taasisi inataka nisaini barua kwamba jina lile ni kosa la mama mzee mwenye macho mabovu, na kwamba mgombea hajatoa hata uzi, na niikabidhi Ijumaa, la sivyo vyerehani vinarudi. Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada wa marehemu. Anasema, "Wifi, ni mistari miwili tu, saini tushone." Nampenda, na bila kikundi nyumba yangu ni kimya sana. Lakini macho yangu ni mazima. Nifanye nini?

Katibu Mtarizi

Mwenzangu Mtarizi,

Pole kwa mzee, na hongera kwa kicheko. Hicho usikiombee radhi kwa mtu. Ila kwanza nikugombeze. Wewe ni katibu. Majora sita yanaingia mlangoni, karatasi ya kusema nani kayatoa hamna, na wa kumuuliza ni dereva? Kisha mkaenda redioni kutuambia mmesema kwa hiari yenu, huku mmekalia kitambaa cha mtu. Mimi siku ile nilisikiliza, na niliwaamini. Ndicho alichokinunua huyo mheshimiwa: wajane watu huwaamini.

Usisaini. Katika shughuli yote hiyo, jina ulilotarizi ndilo neno pekee la kweli, na ndilo wanalotaka ulikane. Andika barua yako mwenyewe: mzigo ulikuja lini, nani aliushusha, alisema umetoka wapi, mliombwa nini. Nakala moja ipeleke kwa taasisi, uwatake waseme kwa maandishi mzigo ni wa nani. Nyingine tume ya uchaguzi. Na redioni mrudi, maana tamko hurekebishwa pale pale liliposemewa. Vyerehani wakivitaka wape, tena vifute vumbi. Mablanketi yabaki wodini, watoto wasifunuliwe kwa ajili ya siasa.

Wifi yako usimkabili kikaoni mbele za watu. Nenda kwake kesho asubuhi, kaa naye, mwambie, "Wifi, tukisaini hii, wiki ijayo tutaletewa nyingine." Akikubali, barua yako ipelekeni pamoja. Akikataa, saini hiyo barua yako peke yako uipeleke, halafu uende kushona kama kawaida, ukae kiti kile kile cha pembeni yake. Atanuna siku tatu. Hatakufukuza.

Yote hayo kabla ya Ijumaa. Na mkishamaliza, mnikumbuke kwa barua, mniambie ilikuwaje.

Shangazi Mshauri