Hema Unaloweza Kuketi Ndani Yake

Mjukuu wangu Salim,

Shikamoo yako imefika hapa Mtongwe, marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani nimeandikiwa.

Waniuliza uchague hema lipi jepesi, la mtu mmoja. Kabla ya uhuru nilijishonea langu, la kitambaa cha amerikani, jepesi kama shuka. Tulikuwa twaenda Vanga kumposa bibi yako. Wazee walipanda basi. Mimi nikasema nitakwenda kwa miguu, wakwe wajue wamuozesha mwanamume.

Njiani mvua ikanikuta. Nililala, hata tone halikuingia, na kanzu yangu ya posa ilikuwa kavu. Alfajiri nikaswali kwa kuketi, maana hema lilikuwa fupi. Kichwa kikagusa kitambaa, na pale pale maji yakapita, kanzu yote ikalowa chapa. Mpaka leo najiuliza, kwa nini maji yalingoja kuguswa? Vitambaa vya siku hizi navyo hufanya hivyo?

Nilipofika kwao Vanga, bado nachuruzika maji, bibi yako akachungulia dirishani. "Huyu amekuja kuposa au ametoka kuvua?"

"Vyote viwili," nikamjibu. Wallahi, alicheka mpaka babake akasikia.

Basi usipime uzito tu. Lifungue dukani, uingie, uketi kikao cha attahiyatu kama uko kwenye swala, uone kama kichwa chagusa. Akitokea msichana akakucheka, muulize jina.

Babu yako